Mpishi wa Misiba

Kwenye misiba ya kwetu mimi sikai. Wanawake wenzangu wakifika huvua viatu mlangoni, hutafuta nafasi mkekani, hunyoosha miguu, wakaanza kulia au kunong'ona au kusinzia, kila mmoja na lake. Mimi hupitiliza nyuma ya nyumba, migombani, nikajifunga khanga kiunoni na kuanza kuuliza. Mafiga yako wapi? Kuni hizi mbichi kazileta nani? Nani kaloweka maharage kidogo hivi, kama tunakula sisi wawili? Nikishauliza hivyo, msiba umepata mpishi na watu wanapumua.

Najua kupika, sioni haya kulisema. Nina mgahawa wa meza sita karibu na stendi ya Lushoto. Natoa makande, wali, chapati na chai ya tangawizi. Mtu anayeweza kulisha walimu wenye haraka na wachuuzi wa karoti wenye njaa hawezi kushindwa na matanga. Ndiyo maana simu ikilia asubuhi mapema hakuna anayeanza kwa pole. Ananiambia mzee fulani ametutoka, na kabla sijasema inna lillahi anauliza, "Yale masufuria yako makubwa yapo?"

Hali hii watu wameiita bidii. "Yule mama ni chuma," wanasema, nami sifa hiyo nimeipenda kwa miaka mingi, tena nimeipenda mno. Haya ninayoandika nayaandika kwenye daftari la mgahawani, nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo. Mguu wangu wa kulia unagonga sakafu. Nimeshaacha kuandika mara tatu kwenda kufuta meza ambayo ni safi.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, kwenye ile miezi ya baridi ambapo ukungu hautoki kijijini mchana kutwa. Nyumba ya wazazi wangu iko juu ya barabara ya Mlalo, kwenye mteremko wa matuta ya kabichi ambayo baba aliyachimba kwa mikono yake. Mama aliugua wiki tatu. Tulimpeleka hospitali, tukarudishwa naye nyumbani, na sote tulijua maana ya kurudishwa. Siku aliyotutoka ilikuwa alasiri. Baba alikuwa msikitini, wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa shambani, na mimi ndiye niliyebaki chumbani na mgonjwa.

Niliyowasimulia watu ni haya: mama aliomba uji. Nikaenda jikoni kuupasha. Niliporudi na bakuli, alikuwa ameshaondoka. Basi.

Ni simulizi fupi na haina kasoro. Mgonjwa ni uji, nani atauliza? Wanawake walitikisa vichwa. Mmoja akaniambia mama alinituma makusudi ili nisione, kwa kunihurumia. Maneno hayo nayo nikayachukua, nikayaunganisha kwenye simulizi.

Wanaume walipokuwa bado wanachimba kaburi, mimi nilishafika migombani. Shangazi yangu alinifuata huko, macho mekundu. "Leo siyo zamu yako," akasema. "Njoo ukae na wenzio." Nikamjibu kwamba mchele ule akiwaachia wale wasichana waliokuwa wanauosha, watu watakula matope. Shangazi akacheka huku analia, akaniacha. Baadaye wakaja kuniita nimuage mama kabla hajatolewa. Nikasema naja. Nilikuwa napalia makaa juu ya mfuniko, na mpishi yeyote anajua kwamba makaa hayasubiri. Nilipofika mbele ya nyumba, nikijifuta majivu, jeneza lilikuwa limeshapita kwenye mihindi, na nikaona migongo ya wanaume tu.

Pilau ya siku ile watu wanaikumbuka hadi leo. Nilipika siku ya tatu, nikapika hitima, nikapika arobaini. Sikulia hata mara moja. Shangazi zangu walisifu.

Kisha mwili ukaanza vituko. Kwanza moyo: unakimbia nikiwa nimesimama tu, nakata kitunguu, kama mtu kanifukuza. Halafu moto juu ya tumbo. Halafu usingizi ukapotea. Mikono ikawa haitaki kuwa mitupu; nikiketi kula, nainuka kabla ya tonge la tatu, kuna kitu nimekisahau, ingawa nikifika jikoni sikioni. Wateja nikaanza kuwafokea. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mstaarabu kabisa, aliomba pilipili mara ya pili nikamwambia akapande zake. Hakurudi tena.

Nilijitibu kama tunavyojitibu wote. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo. Nikanywa majani machungu aliyonipa jirani, nikatapika hadi roho ikataka kutoka. Nikaenda hospitali mara nne, wakanipima damu, wakanipima choo, wakanifunga kile kitambaa cha presha mkononi hadi vidole vikafa ganzi. Kila kitu kizima. Nilikasirika. Mtu unaumwa, unaambiwa mzima, unajiona mwongo. Mara ya nne daktari aliweka kalamu chini, akaniuliza kama kuna mtu nimempoteza. Nikamwambia kila mtu kapoteza mtu. Akaniandikia karatasi niende chumba cha mwisho kwenye korido.

Chumba hicho cha mshauri kila mtu anakijua. Kuna benchi nje, na ukikaa pale Lushoto nzima inapita na kukuona. Nikamwambia daktari, "Mimi siyo kichaa." Akajibu kwamba hajasema hivyo. Nikachukua karatasi, nikaikunja, nikaiweka kwenye kopo la majani ya chai, ikakaa humo miezi miwili.

Aliyenitoa kwenye ukaidi huo ni baba.

Moyo wa baba ulikuwa umechoka. Ndivyo walivyotuambia mimi na kaka yangu, kwa sauti ya chini, kwamba umetanuka na umechoka, na tusitegemee mwaka mwingine. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa wa kuegemezwa kwenye mito karibu na dirisha, akiangalia matuta yake ambayo sasa wengine wanayalima. Kila Ijumaa nilipanda kwenda kumwona. Nilibeba mtori, nikabeba samaki, nikabeba machungwa. Namsalimu, "Shikamoo baba," anaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kaa tuzungumze." Nami nasema naja baba, ngoja nikupashie hiki. Napasha. Nafagia. Nakunja nguo zake, namkata kucha, nabadilisha shuka ambalo wifi kalibadilisha asubuhi ile ile. Gari la mwisho la kurudi mjini linapiga honi, naondoka. Wiki inayofuata, maneno yale yale, "Kaa tuzungumze."

Ijumaa moja wifi alinisindikiza hadi njiani. Ni mtu wa maneno machache, na utani wetu wa uwifi alikuwa ameuweka pembeni. "Wifi," akasema, "baba chakula hali. Chakula unacholeta tunakula sisi na watoto. Anakutaka wewe."

Gari nikaliacha, nikashuka mlima ule kwa miguu nikiwa nimekasirika kweli kweli. Nilimwona ana dharau. Lakini nilipofika kwenye kona ambapo unaanza kuona mabati ya mji, kuna jambo lilinijia wazi, bila kuitwa: baba atakufa na mimi nitakuwa jikoni. Nilisimama pale barabarani na mfuko wangu mtupu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ugonjwa wowote. Kesho yake nikafungua kopo la majani ya chai.

Mshauri alikuwa binti wa bondeni, upande wa Mnazi, umri wa mwanangu wa kwanza, kajifunga ushungi wa kijani. Alisimama niliponyanyua pazia. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, na hapo hapo nikaona tumekwama. Mtu akishakupa shikamoo umekuwa mkubwa wake. Sasa mkubwa ataanzaje kumfungulia mdogo tumbo lake? Nikaangalia meza yake. Ilikuwa na alama ya kikombe cha chai. Nikashika ncha ya khanga nikaifuta.

Hakunizuia. Nilifuta meza yote, nikapanga karatasi zake, nikanyoosha pazia. Yeye alikaa anaangalia, na nilipomaliza akasema, "Asante mama. Sasa kiti hicho ni chako." Nikakaa ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku ile nilimsimulia kifo cha mama. Nilitumia muda wa kumenya kiazi kimoja. Aliomba uji, nikaenda, nikarudi, kaondoka. Nikafunga mdomo, nikamwangalia, nikingoja dawa. Akaniuliza nilipokuwa nasimulia nilisikia nini mwilini. Nikamwambia sikusikia kitu. Akaniambia mguu wangu ulikuwa unacheza. Nikalishika goti kwa mkono, mchezo ukahamia mguu wa kushoto.

Alijaribu kunieleza kwa mfano, maskini. Alisema machungu ya moyoni ni kama makande: ukiyaepua kabla ya wakati, kwa macho yanaonekana tayari, lakini yataliumiza tumbo. Nikamwambia, "Binti, mimi usinifundishe makande." Akacheka hadi akafuta machozi. Nikacheka na mimi, na tangu hapo nikaanza kumwamini kidogo. Ila njiani nilitafuna mfano wake huo na ukanikera, kwa sababu ulikuwa wa kweli.

Niliendelea kwenda kila Jumatano, nikiaga mgahawani kwamba nafuata unga. Kazi yake ilikuwa moja tu, na ilinichosha kuliko kupika msiba wa siku tatu. Alitaka nisimulie tena. Yale yale, lakini polepole, kama yanatokea sasa. Chumba kina mwanga gani? Umekaa wapi? Mkono wako wa kushoto umeshika nini? Nikamuuliza kwa hasira, "Nikisimulia mara kumi, mama atarudi?" Akasema hatarudi. Akasema, "Ila mama, katika simulizi hii wewe mwenyewe hujafika bado. Upo jikoni tu."

Mara ya pili nikaona dirisha. Nikaona ukungu umepanda hadi kwenye nondo, na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, na chupa ya mafuta ya kuchua ambayo mfuniko wake ulipotea, ikazibwa kwa gunzi. Nikasikia harufu yake humo humo ofisini. Kifua kikabana. Mshauri akasema tubaki hapo, tusikimbie, nimwambie kimebana wapi. Nikamwambia kifuani, kwani kifua kina wilaya ngapi? Akangoja. Nikaonyesha kwa kidole: hapa, chini ya koo. Tukabaki. Sikufa. Baada ya muda kikalegea kidogo chenyewe, nami nikashangaa, kwa sababu nilidhani kitu kile nikikiacha bila kukizuia kitaniua.

Mara ya tatu nilikaa vizuri zaidi, mgongo ukiwa umegusa kiti. Mkono wangu wa kushoto, nikamwambia, umeshika bakuli tupu. Mama amefumba macho. Anapumua kwa kuvuta. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Naogopa ile pumzi. Kila ikikatika nahesabu hadi irudi. Mama anafumbua macho. Ananiangalia. Anashika pindo la khanga yangu, hapa, pembeni.

"Anasema nini?" mshauri akauliza.

Nikanyoosha pindo la khanga yangu.

"Mama, anasema nini?"

Alisema kaa. Kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu ya kuzima mshumaa, alisema nikae kwanza. Hakuomba uji. Hakuomba kitu chochote. Mimi ndiye niliyesema nakwenda kukupashia uji, na nilipotaka kuinuka vidole vyake vilikuwa bado vimeshika khanga. Nikavibandua kimoja kimoja. Havikuwa na nguvu. Nikasema, "Naja mama." Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya moto, na uji ulishapata moto zamani, nami nikaendelea kuukoroga.

Niliposikia maneno hayo yanatoka kinywani mwangu niliinuka, nikachukua mkoba, nikatoka. Mshauri aliita, sikugeuka. Nilikwenda mgahawani nikakata vitunguu gunia zima. Mtu akipita akaona macho yangu mekundu, lawama ilikuwa ya vitunguu.

Sikurudi kwake wiki mbili. Nilikuwa namchukia yule binti kana kwamba ndiye aliyevibandua vile vidole. Nilijiambia nilikuwa mzima kabla yake. Lakini Ijumaa hizo mbili nilipanda kwa baba, na mara zote mbili alisema kaa, na mara zote mbili nikasikia mkono wangu unabandua kitu. Ijumaa ya pili alikuwa amebadilika. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na kati ya neno na neno anapumzika. Jumatano iliyofuata nilikuwa kwenye benchi kabla mshauri hajafungua. Sikujali nani anapita. Nikamwambia, "Nifundishe kukaa. Baba yangu hana muda."

Akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto. Dakika tano kwenye kiti, mgahawani, kabla ya wateja. Mikono mapajani, isishike kitu. Kikija kiwewe kiache kije, kitafute kiko wapi, kipe jina. Siku ya kwanza nilimaliza dakika moja nikajikuta nimeshika ufagio. Siku ya tatu nilikaa zote tano, na jina lililokuja lilikuwa aibu. Siku ya sita lilikuwa hofu. Huzuni yenyewe haikuja. Ilikuwa kama inasubiri wengine watoke kwanza.

Ilikuja kwenye msiba wa watu. Mama mmoja wa mtaa wa juu alifariki, mtu niliyemjua kwa salamu tu. Simu ikalia, masufuria yakaulizwa. Nikayapeleka. Nikayashusha migombani, nikayapanga, nikawaambia wanawake waliokuwa pale, "Haya, pikeni." Wakacheka, wakidhani utani wangu. Nikafungua khanga kiunoni, nikajitanda, nikazunguka mbele ya nyumba, nikavua viatu.

Mkekani walinikodolea macho. Mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimekuja kukaa. Wakanipisha, wakaendelea kuniangalia kwa wasiwasi, na kwa kweli hata mimi nilijiona nimeingia nyumba isiyo yangu. Sikujua miguu inanyooshwa upande gani. Mikono ikatafuta kazi, ikapata uzi uliolegea kwenye ukili wa mkeka, nikawa nauvuta, nikauchomeka tena, nikauvuta. Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia kwa masikio yangu kwamba moto ni mkubwa mno na maji ya mchele yamechemka. Kila mfupa wangu ulitaka kwenda.

Halafu wakamtoa marehemu chumbani, na binti yake akashika ukingo wa jeneza, wakamshika mkono kumwondoa. Wakavibandua vidole vyake kwa upole, kimoja kimoja.

Nililia. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kulimbikiza kilio cha miaka miwili. Kilitoka na sauti ambayo sikuijua. Nilimwita mama yangu kwenye msiba wa mama wa watu, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu, kumbe, nusu ya wanaolia mkekani wanawalilia wa kwao. Miaka yote hiyo nilidhani wanamlilia maiti aliyepo. Bibi mmoja alikuwa amekaa pembeni yangu. Alisogeza mguu wake tu, nikapata pa kuegemea.

Katikati ya kilio hicho msichana wa jikoni alikuja, akainama, akaninong'oneza, "Mama, chumvi tutie kiasi gani?"

Nikamwambia, "Sijui."

Wali ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa na mawe, haukuwa na chumvi, na chini umeungua. Niliula wote.

Ijumaa ile nilipanda kwa baba bila kubeba kitu. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, hata kama ni mzazi wako, hata kama ni ndizi tatu. Wifi alikuwa uani, akaniangalia mikono, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu ananifuata na mzigo.

"Umekuja hivyo hivyo?"

"Nimekuja kukaa."

Akanikazia macho. Kisha akanionyesha sufuria jikoni. Alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe, akasema, basi nimwangalizie makande yake, yasikaukiwe maji. Nikasema haya.

Baba alikuwa kwenye mito yake, dirisha limefunguliwa nusu. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na kigoda karibu na kitanda, nikakivuta, nikakaa. Aliniangalia, halafu akaangalia mlango, akingoja niinuke. Sikuinuka. Tukakaa hivyo. Mguu wangu ulikuwa unacheza na sikuuzuia. Kutulia sikutulia hata kidogo, na nisije nikamdanganya mtu, nilikaa tu.

"Baba," nikasema, "mama hakuniomba uji."

Nikamwambia yote, kuanzia bakuli hadi vidole. Nilisema nikiangalia blanketi, lile lile la mstari mwekundu. Nilipomaliza nikaanza kuhesabu pumzi zake, nikajikamata nahesabu, nikaacha.

"Najua," akasema.

Nikainua kichwa.

"Tangu namwoa, mama yako hakuwahi kunywa uji." Akapumzika. "Ulikuwa unamtapisha. Hata alipokuzaa wewe, uji wa uzazi niliunywa mimi, kwa siri, wakwe wasijue."

Na mimi nilijua. Nilijua maisha yangu yote. Nimekulia nyumba ambayo mama anakoroga uji wa kila mtu na yeye anakunywa chai ya rangi. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema mama aliomba uji, na ndugu wote waliomjua walinipa pole wakanyamaza.

"Alikuwa na tabia hiyo," baba akaendelea, na uso wake ukawa na kitu karibu na kucheka. "Mimi alikuwa ananishika koti. Nataka kwenda shamba, ananishika hapa. Kaa kwanza. Nilikuwa namwondoa mkono kila siku."

Nikalia, taratibu safari hii. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia, baba? Miaka miwili unanisikiliza naongopa."

Akafumba macho. Alivuta pumzi, akaitafuta nyingine.

"Ningekuambia lini?" akasema. "Hujakaa hata siku moja."

Kutoka jikoni harufu ikaanza kuja. Naijua harufu hiyo kuliko jina langu: maji yameisha, mahindi ya chini yameanza kushika. Ukiwahi sasa hivi, ukaongeza maji ya moto bila kukoroga, unayaokoa. Baba naye akanusa. "Makande yanaungua," akasema, bila kufumbua macho, na mkono wake ukatambaa juu ya blanketi hadi kwenye pindo la khanga yangu.

"Nasikia, baba."

Wifi aliporudi na mzigo wa majani alikuta moshi umejaa uani na sufuria lake jeusi. Alikuja hadi mlangoni na mdomo umeshafunguka kunisema. Akatuona. Akafuta mikono kwenye gauni, akavuta kigoda cha pili, naye akakaa.